Pampu za Joto Viwandani: Kinachopimwa ni Kina cha Kisima

Mtu akiingia uani mwa kiwanda cha maziwa, cha karatasi au cha kutia nguo rangi, vitu viwili havikosi kumkabili. Cha kwanza ni bomba la moshi la boila, ambamo gesi, mafuta mazito au makaa ya mawe yanateketezwa usiku na mchana ili kupata mvuke. Cha pili ni mnara wa kupozea, unaotiririsha maji ya vuguvugu mbele ya feni kubwa ili joto lake liishie hewani. Mara nyingi vitu hivyo viwili vimetengana kwa hatua hamsini tu. Kiwanda kinanunua joto upande mmoja na kulipia umeme wa kulitupa upande mwingine, na kwa kuwa ankara hizo mbili hupelekwa kwenye meza tofauti, hakuna anayeshtuka.

Hali hiyo si uzembe mtupu. Maji yanayofika kwenye mnara yana nyuzi 30 au 35, ilhali mitambo inataka nyuzi 70, 90 au 120, na joto halipandi lenyewe kutoka penye ubaridi kwenda penye moto, kama maji yasivyopanda mlima. Inahitajika mashine ya kulinyanyua. Mashine hiyo ni pampu ya joto, ndugu wa friji: gesi yake huchemka kwenye halijoto ya chini ikinyonya joto la chanzo, kompresa huigandamiza hadi ikawa ya moto zaidi, kisha upande wa pili gesi hiyo hugeuka kimiminika na kuliachilia joto pale linapotakiwa. Umeme unaoingia haukusudiwi kuzalisha joto lote, kazi yake ni kulipandisha lile lililokwisha kuwapo. Ndiyo maana mashine inayokula kilowati moja ya umeme inaweza kutoa kilowati tatu au nne za joto bila kuvunja sheria yoyote ya fizikia.

Kwa miaka mingi mashine hizi zilijulikana kwa kupasha nyumba na maji ya kuoga. Sasa zinasogea viwandani, na matangazo ya watengenezaji yamegeuka kuwa mashindano ya kilele: huyu anafikisha nyuzi 120, yule 160, mwingine anaahidi 200 na zaidi. Wanunuzi nao wamezoea kuuliza swali hilo hilo, kwamba mashine inafika wapi. Kwa maoni yangu swali hilo limeshika mkia. La kuuliza kwanza ni mashine inaanzia wapi, inapandisha nyuzi ngapi, na je, kilele hicho kinachodaiwa kinahitajika kweli au ni mazoea tuliyorithi kutoka kwenye boila.

Mfano wa kisima unasaidia hapa. Anayeteka maji kwa ndoo na kamba hachoki kwa sababu kijiji kiko juu mlimani, huchoka kwa urefu wa kamba kati ya maji na ukingo wa kisima. Kisima cha mlimani chenye maji karibu na ukingo ni rahisi kuliko cha bondeni chenye kina kirefu. Sadi Carnot, mhandisi wa Ufaransa, aliweka msingi wa hesabu hiyo mwaka 1824, na hadi leo hakuna aliyepata njia ya kuikwepa. Ili kujua kikomo cha juu kabisa cha tija ya pampu ya joto, yaani vizio vya joto inavyotoa kwa kila kizio cha umeme, chukua halijoto ya joto linalotolewa katika kipimo cha Kelvini (nyuzi za kawaida za Selsiasi ukiongeza 273), uigawe kwa tofauti ya nyuzi kati ya chanzo na mahali joto linapopelekwa. Mashine halisi, ikiwa nzuri na imewekwa vizuri, hufikia takriban nusu ya kikomo hicho, kwa sababu ya msuguano, hasara za mota na nyuzi chache zinazopotea kwenye kila kibadilisha joto.

Tuweke tarakimu. Kuchukua joto la nyuzi 35 na kulifikisha 75 ni kupanda nyuzi 40. Kikomo ni 8.7, na mashine halisi inaweza kutoa kama 4 kwa kila kizio kimoja cha umeme. Kulichukua joto hilo hilo la 35 na kulifanya mvuke wa nyuzi 175 ni kupanda nyuzi 140. Kikomo kinaanguka hadi 3.2, na mashine halisi inabaki na 1.6, ambayo haitofautiani sana na hita ya kawaida ya umeme inayotoa 1. Sasa mpe fundi yule yule chanzo cha nyuzi 80 na umwombe 120: kikomo ni 9.8. Nyuzi 120 kutoka 80 ni rahisi kuliko 75 kutoka 35, ingawa kwenye tangazo ya kwanza ndiyo itakayoitwa ya halijoto ya juu. Tena kila nyuzi ina bei yake. Kwenye mpando wa nyuzi 60, ukiweza kukata nyuzi 5 tu, umeme unaohitajika unapungua kwa karibu asilimia 8, na punguzo hilo linarudi kila saa kwa maisha yote ya mtambo.

Wazo lenyewe, kwa kweli, lilianzia kwenye kazi ya kiwanda kabla halijaingia majumbani. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliandika mwaka 1852 jinsi mashine ya kugandamiza hewa inavyoweza kupasha jengo, lakini aliyeijenga mashine ya kweli katika muongo huo alikuwa Peter von Rittinger, kwenye kiwanda cha chumvi cha Ebensee nchini Austria. Aliona mvuke unaopotea hewani juu ya maji ya chumvi yanayochemka, akauliza kwa nini usigandamizwe kidogo, ukapata moto zaidi, ukarudishwa chini ya sufuria ile ile kuendelea kuichemsha. Nguvu ya kompresa ilitoka kwenye maji ya mto. Magamba ya chumvi yaliyoganda kwenye kuta yalimshinda, na wazo lilingoja hadi 1877, Bex nchini Uswisi, ndipo likafanya kazi sawasawa. Leo mashine za uzao huo, zinazogandamiza mvuke wa mchakato wenyewe, zimejaa kwenye viwanda vya kukoleza maziwa, sukari na kemikali. Kwa kuwa zinapandisha nyuzi chache tu, tija yake hupita 10 bila taabu. Watu wanaodai kwamba pampu za joto hazijathibitishwa viwandani wanasahau kwamba baadhi yao wanazo tayari, ila kwenye orodha ya mali zimeandikwa kwa jina jingine.

Turudi kwenye kilele. Nyuzi 175 au 180 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye chumba cha boila. Mvuke ni mtumishi mwema: kilo moja yake, ikigeuka maji kwenye nyuzi 100, huacha kilojuli 2,257, nao husafiri mabombani wenyewe bila pampu na huitikia kugeuzwa kwa valvu moja. Ukiuzalisha kwa shinikizo kubwa, mara kumi hivi ya lile la angahewa, unachukua nafasi ndogo, kwa hiyo mabomba yanaweza kuwa membamba na ya bei nafuu. Gharama ya ziada ya kuchoma mafuta kwenye nyuzi 180 badala ya 120 ni ndogo mno, kwa sababu moto wa boila wenyewe unapita nyuzi 1,000. Mbunifu wa kiwanda akatafuta mtambo mmoja wenye madai makubwa kuliko yote, akaweka shinikizo la mfumo mzima kulingana na huo, na wengine wote wakapunguziwa kwa valvu. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa mashine ile. Kwa pampu ya joto ni uamuzi wa kuchimba kisima kirefu kwa watu wote kwa sababu mmoja wao ana kamba ndefu.

Chukua chombo cha kuua vijidudu kwenye maziwa, ambacho nadhani ndicho kielelezo bora cha mazoea hayo. Maziwa yanatakiwa kufika nyuzi 72 na kukaa hapo sekunde 15, kisha yapozwe hadi 4. Ndani ya chombo hicho kuna sahani nyembamba za chuma cha pua zilizopangwa kama kurasa za kitabu, na kati ya kurasa hizo maziwa ya moto yanayotoka hupita ubavuni mwa maziwa baridi yanayoingia, yakiyapasha kwa joto lao wenyewe. Kwenye mtambo mzuri zaidi ya asilimia 90 ya joto hurejea kwa njia hiyo. Ikiwa asilimia 93 imerejea, maziwa yanafika kwenye sehemu ya kupashia yakiwa na nyuzi 67 tayari, na kilichobaki ni nyuzi 5 tu, zinazotolewa na maji yenye nyuzi 75 au 78. Maji hayo nayo yanapashwa na nini? Na mvuke wa nyuzi 180, ulioshushwa kwa valvu. Kando yake kompresa za amonia zinazopoza ghala zinatupa joto la nyuzi 30 na kitu kwenye mnara. Pampu ya joto ya amonia inaweza kulichukua joto hilo na kutoa maji ya nyuzi 80 hadi 90 bila kitendawili chochote cha kiteknolojia. Hapo hapahitajiki mashine ya nyuzi 160. Anachohitaji mwenye kiwanda ni kukubali kwamba mchakato haukuwahi kuomba mvuke.

Orodha ya kazi za namna hiyo ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Kuosha chupa na mitambo hutaka nyuzi 60 hadi 85. Kuchemsha kimea kwenye kiwanda cha bia ni 100. Kutia rangi vitambaa vya poliesta ni 130 kwenye chombo kilichofungwa, na kuua vijidudu kwenye makopo ni 121. Tanuri za saruji, chuma na kioo ziko kwenye ulimwengu mwingine kabisa, wa nyuzi 1,000 na zaidi, na anayetaka kuingiza pampu za joto huko anapoteza muda wake na wetu. Lakini chakula, vinywaji, karatasi, nguo na sehemu kubwa ya kemikali nyepesi wanaishi chini ya nyuzi 200, na wengi wao chini ya 150.

Kabla ya kununua chochote, kuna hatua ambayo wauzaji huiruka kwa haraka ya kutia saini. Katika miaka ya 1970 Bodo Linnhoff na wenzake walibuni njia ya kupanga mitiririko yote ya kiwanda, inayotaka kupashwa na inayotaka kupozwa, kwenye mchoro mmoja, ili kuona ipi inaweza kupashana yenyewe kwa yenyewe. Mchoro huo huonyesha mahali pamoja penye mbano: juu yake kiwanda kina upungufu wa joto, chini yake kina ziada. Pampu ya joto ina maana tu ikiwa inachukua joto chini ya mbano na kulipeleka juu yake. Ikiwekwa yote juu, inageuza umeme kuwa joto kwa njia ya mzunguko na ghali kuliko hita. Ikiwekwa yote chini, inaongeza joto la kutupwa kwenye mnara uliokwisha kulemewa. Zote mbili zitafanya kazi, mita zitasoma tija nzuri, na ankara ya kiwanda haitashuka. Hilo ndilo linalofanya kosa hili kuwa gumu kugunduliwa.

Ukaushaji ndio uwanja wenye fursa kubwa zaidi, na ndiko ambako hesabu za haraka hudanganya zaidi. Mnara wa kukaushia unga wa maziwa huingiza hewa ya nyuzi 180 hadi 200 na kutoa hewa yenye unyevu ya nyuzi 80 hivi. Mhandisi mwenye haraka anaandika: chanzo, nyuzi 80. Sivyo. Hewa kavu hubeba joto kidogo. Joto jingi limejificha kwenye mvuke uliomo, na mvuke huo hauanzi kugeuka maji mpaka hewa ishuke hadi kiwango chake cha umande, ambacho kwa mnara kama huo kinaweza kuwa nyuzi 40 na kitu. Kisima kilichodhaniwa kuwa na maji karibu kikageuka kuwa kirefu kwa nyuzi 40 nyingine. Kiwanda cha karatasi kimejaliwa zaidi, kwa kuwa hewa chini ya kofia ya mashine yake ina mvuke mwingi na kiwango chake cha umande kinaweza kukaribia nyuzi 60. Hapo hatua ya kwanza haina uhusiano na pampu kabisa: ni kuziba mianya ya mnara au kofia ili hewa ya nje isiingie kuuchanganya mvuke, kwa sababu kila nyuzi moja ambayo kiwango cha umande kinapanda ni kamba inayokatwa.

Upande wa hewa inayoingia nako kuna nafuu ambayo watu wengi hawaioni kwa sababu wanafikiri kwa mtindo wa yote au hakuna. Hewa inayopashwa kutoka 20 hadi 190 haitaki joto lote kwenye nyuzi 190. Kipande cha kwanza kinaweza kutoka kwenye hewa inayotoka, kipande cha kati hadi nyuzi 120 kikatoka kwenye pampu ya joto, na cha mwisho kikaachiwa boila au hita ya umeme. Kama hewa imefika 60 kwa joto lililorejeshwa, kuisogeza hadi 120 ni zaidi ya theluthi ya safari nzima. Boila linabaki, lakini linabaki kama msaidizi.

Majaribio ya kweli yamefanyika kwenye mazingira hayo. Mradi wa Ulaya wa DryFiciency, ulioongozwa na Taasisi ya Teknolojia ya Austria, uliweka pampu za kufikia nyuzi 160 kwenye ukaushaji wa wanga katika kiwanda cha Agrana huko Pischelsdorf na wa matofali katika kiwanda cha Wienerberger huko Uttendorf. Japani walitangulia: mwaka 2011 Kobe Steel ilileta sokoni mashine za kuzalisha mvuke, SGH 120 na SGH 165, namba zikitaja nyuzi za mvuke wenyewe. Ile ya 120, ikilishwa maji ya nyuzi 65, ilitangazwa kuwa na tija ya 3.5, na ile ya 165, ikilishwa 70, ilitangazwa kuwa na 2.5. Ukizisoma namba hizo pamoja utaona kisima kikizidi kuwa kirefu. Kwa hiyo uwezo si habari mpya. Kilichochelewa ni kitu kingine.

Sehemu ya kuchelewa huko imo ndani ya mashine, na ni haki kuisema. Kila gesi ya friji ina halijoto ambayo ikizidi haigeuki tena kimiminika hata ikigandamizwa vipi, na mzunguko wa kawaida hauna budi kukaa chini yake. Kwa R-134a, iliyoenea sana kwenye mitambo ya kupozea, ukomo huo ni nyuzi 101. Kwa amonia ni 132, lakini ikifika nyuzi 90 tu shinikizo lake linapita mara 50 ya angahewa, na vyuma vyake vinaanza kuwa vya bei. Butani hufika 152, pentani 196, nazo zinawaka moto. R-245fa, iliyotumiwa kwenye mashine nyingi za mwanzo, hupasha angahewa zaidi ya hewa ukaa kwa mara mamia kadhaa kwa uzito ule ule, na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 katika Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, yameweka kundi lake lote kwenye njia ya kupunguzwa. Warithi wake wa maabara, kama R-1233zd(E) na R-1336mzz(Z), wana ukomo wa nyuzi 166 na 171 na madhara madogo kwa hali ya hewa, lakini ni jamaa wa kemikali za florini zisizooza, na mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza kundi hilo kubwa liwekewe vikwazo. Anayenunua mashine ya miaka 20 ana haki ya kuuliza gesi yake itapatikana mwaka wa kumi na tano. Binafsi ningeegemea kwenye amonia, pentani na maji, vitu ambavyo ubaya wake unajulikana tangu zamani na una dawa: milango ya hewa, vigunduzi vya uvujaji na mafundi waliofunzwa.

Maji yanastahili sentensi zake. Ukomo wake ni nyuzi 374, hayawaki, hayana sumu na hayahitaji kibali. Kasoro yake ni ukubwa. Kwenye nyuzi 60 kilo moja ya mvuke inajaza zaidi ya mita 7 za ujazo, kwa hiyo kompresa ya kuunyonya ingekuwa kubwa kupita kiasi. Kwenye nyuzi 100 ujazo umeshuka hadi 1.7. Ndiyo maana mpangilio unaovutia ni wa ngazi mbili: mzunguko wa amonia au pentani unanyanyua joto hadi karibu na 100, kisha mvuke wenyewe unagandamizwa kutoka hapo hadi shinikizo linalotakiwa. Mafuta ya kulainisha kompresa nayo ni kichwa kinachouma kimya kimya, kwani kwenye joto hilo huwa mepesi kama maji, huchanganyika na gesi na kuzeeka haraka. Mitambo mingi ya majaribio iliyosimama haikusimamishwa na fizikia ya Carnot. Ilisimamishwa na mafuta, sili na beringi.

Tukija kwenye fedha, hesabu ya msingi ni fupi. Boila lenye ufanisi wa asilimia 90 linahitaji vizio 1.11 vya gesi kwa kila kizio cha joto. Kwa hiyo, ikiwa kizio cha umeme kinauzwa mara tatu ya kizio cha gesi, pampu inaanza kuokoa pale tija yake inapopita 2.7, ikiwa mara nne, 3.6. Huu ndio mwamba ambao miradi mingi imegonga, na ni mwamba wa kisera kuliko wa kiufundi, kwa sababu katika nchi nyingi kodi na tozo hubebeshwa umeme zaidi ya gesi.

Lakini ile asilimia 90 imetoka wapi? Imeandikwa kwenye kibati cha boila. Haihesabu maji ya moto yanayomwagwa kusafisha boila, mabomba yaliyovuliwa blanketi na hayakuvalishwa tena, wala zile valvu ndogo za kutolea maji ya mvuke ambazo zikikwama wazi hupuliza mvuke mchana kutwa kwa mluzi ambao wafanyakazi wameshauzoea na hawausikii. Kuna kipimo kisichogharimu kitu: siku ambayo kiwanda hakizalishi lakini boila limeachwa likiwaka, soma mita ya gesi asubuhi na jioni. Kiasi kilichopungua ndicho kodi inayolipwa kwa mfumo wa mvuke kuwa hai tu. Ikionekana kwamba joto linalofika kwenye mchakato ni asilimia 70 ya gesi iliyonunuliwa, basi pampu iliyowekwa jirani na mtambo wake, bila mabomba marefu, inahitaji tija ya 2.1 tu mahali pa 2.7. Nimeona mapendekezo yakikataliwa kwa kulinganisha pampu halisi, na hasara zake zote, na boila la kwenye kibati.

Hesabu ya hewa ukaa hufuata mkondo ule ule na ina onyo lake. Gesi asilia ikichomwa hutoa kama gramu 200 kwa kila kilowati-saa, yaani 220 hivi kwa kilowati-saa ya joto kutoka kwenye boila zuri. Pampu yenye tija ya 2.5 inakuwa safi zaidi ya boila hilo iwapo umeme wa gridi una chini ya gramu 550. Gridi inayoendeshwa karibu yote kwa makaa ya mawe inavuka kiwango hicho, na huko pampu ya tija ndogo itachafua zaidi ya gesi iliyoichukulia nafasi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutochimba kisima kirefu: kwa tija ya 4 kiwango kinapanda hadi 880, na gridi nyingi duniani ziko chini yake.

Washindani wapo, na si haki kuwanyamazia. Hita ya umeme ni rahisi kununua, lakini joto la megawati 5 linaitaka megawati 5 za umeme, ambapo pampu ya tija 2.5 ingetosheka na 2, na kwenye maeneo ambayo kuongezewa transfoma ni kungoja miaka, tofauti hiyo ndiyo uamuzi wenyewe. Ghala za joto, zinazopasha matofali au chumvi saa umeme unapokuwa rahisi na kulitoa joto baadaye, zinaweza kufika nyuzi mamia kadhaa bila kujali kina cha kisima. Juu ya nyuzi 160 hivi, mahali penye umeme unaoshuka bei sana saa za jua au upepo, nadhani zitashinda mara nyingi. Chini ya 100 sioni mshindani wa kweli wa pampu. Kati ya hapo jibu linategemea chanzo, na mtu anayetoa jibu moja kwa viwanda vyote kwenye ukanda huo ana kitu anachouza.

Kizuizi cha mwisho kimevaa ovaroli. Meneja wa uzalishaji anajua kwamba maziwa hayasubiri fundi, na boila lake la miaka 25 halijamwangusha. Ukimwambia kwamba akiba itarejesha gharama kwa miaka sita, ofisi ya fedha itamjibu kwamba miradi ya zaidi ya miaka mitatu haipiti, ingawa boila jipya, ambalo halirejeshi chochote, lingepita bila mjadala kwa kuwa linaitwa la lazima. Sioni ubaya wa kumwachia boila lake likae tayari kama akiba. Lakini kuna jaribio moja ambalo anaweza kulifanya kabla hajamwita muuzaji yeyote, na lililopata kunishangaza nilipoliona likifanywa. Kwa kushauriana na mtengenezaji wa boila, kwa sababu boila likishushwa kupita kiasi huanza kutoa mvuke wenye matone, shinikizo linapunguzwa kidogo kila wiki, na mtu anakaa na daftari kuandika nani amelalamika na lini. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne, mara nyingi, anainuka mmoja, wa mtambo mmoja kwenye kona moja ya kiwanda. Huyo ndiye aliyekuwa akiwachimbia wengine wote kisima cha nyuzi 180, na bei ya kumpa boila lake dogo peke yake huwa inajulikana kabla ya saa sita mchana.